Loie Fuller: mwanamke aliyegeuza mwanga kuwa ngoma

Ukienda kwenye tamasha la muziki siku hizi, hata lile la uwanja wa shule lenye jenereta moja, utaona taa za rangi zikizunguka juu ya jukwaa. Na waandaaji wakiwa na uwezo zaidi, nyuma ya mwanamuziki kunakuwa na skrini kubwa inayoonyesha moto, nyota, maua au mawimbi ya bahari, na picha hizo zinakwenda sambamba na wimbo.

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu baada ya kipindi cha burudani cha Jumamosi akauliza swali zuri. Alitaka kujua ni nani wa kwanza kufikiria kwamba muziki unaweza kupambwa kwa mwanga na picha zinazosogea. Hewani tulikuwa na dakika mbili tu, hazikutosha. Ndiyo maana tumeandika makala hii, uisome taratibu kwenye simu yako.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeanzisha yote. Wachina, Wahindi na watu wa Java walikuwa na michezo ya vivuli tangu zamani, na Ulaya ilikuwa na mafundi wa majukwaa waliotengeneza radi za bandia na mawingu ya kupanda na kushuka kwa kamba. Lakini yuko mtu mmoja ambaye wabunifu wa taa na picha za jukwaani hawawezi kumruka. Ni mwanamke wa Marekani aliyefariki karibu miaka 100 iliyopita. Anaitwa Loie Fuller, jina la kwanza likitamkwa Lo-i.

Historia yake ina mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni ufundi wake. La pili ni kuibiwa. Watu waliiga kazi yake tangu mwaka wa kwanza, na mahakama ikamwambia hana haki ya kuwazuia.

Mtoto wa kijijini

Alizaliwa tarehe 15 Januari 1862 huko Fullersburg, kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Chicago katika jimbo la Illinois. Jina lake la kuzaliwa ni Marie Louise. Baba yake aliitwa Reuben, mama yake Delilah. Mwenyewe alisimulia kwamba siku hiyo baridi ilikuwa kali mno, na chumba pekee chenye moto wa kutosha kilikuwa ukumbi wa vinywaji wa nyumba ya wageni, kwa hiyo mama yake alijifungulia humo.

Hapa ni vizuri tukumbushane jambo. Mwaka 1908 Loie alichapisha kitabu cha maisha yake, na mengi tunayoyajua juu ya utoto wake yanatoka humo. Alikuwa mtu wa jukwaani, akipenda hadithi inayonoga. Kwa hiyo mahali ambapo habari ni simulizi yake mwenyewe tutakuambia.

Alianza kupanda jukwaani akiwa mtoto. Aliigiza, aliimba, alizunguka na vikundi vya michezo kutoka mji hadi mji. Hakuwahi kusomea dansi kwa miaka mingi kama wacheza baleti wa Ulaya, na hakuwa na umbo walilopenda wenye kumbi za wakati ule. Mwaka 1889 aliolewa na mtu aliyekuja kugundulika kuwa tayari ana ndoa nyingine, na jambo hilo likaishia mahakamani. Alipofikisha miaka 29 alikuwa bado msanii wa kawaida anayetafuta riziki.

Sketi iliyozidi urefu

Mwaka 1891 alipata nafasi katika mchezo uitwao Quack, M.D. Alicheza kama mwanamke aliyepumbazwa akili na daktari, akitembea kama aliye ndotoni. Kwa simulizi yake, alivaa sketi nyepesi ya hariri iliyokuwa ndefu kupita kimo chake, ikabidi aishike kwa mikono miwili na kuinyanyua juu ili asijikwae. Jukwaa lilikuwa na mwanga hafifu wa kijani. Alipokuwa akizunguka na ile sketi, watazamaji wakaanza kusema kwa sauti kwamba wanaona kipepeo, wengine wakaona ua.

Mtu mwingine angecheka na kuipeleka sketi kwa fundi ikatwe. Yeye alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo. Jua lilikuwa linapita kwenye pazia la manjano, na kila alipoinua kitambaa aliona mwanga ukibadilika juu yake. Akaanza kujaribu. Mkono ukienda hivi, kitambaa kinakuwa wimbi. Ukienda vile, kinakuwa bawa. Alizipanga hatua zile moja baada ya nyingine, akaamua kila moja ipate rangi yake ya taa.

Wachezaji wa sketi walikuwapo kabla yake, Marekani na Uingereza. Lakini wao walitumia sketi kupamba miguu na mwili. Loie aligeuza mambo. Kwake mwili ulikuwa wa kubeba kitambaa, na kitambaa kilikuwa cha kupokea mwanga. Ukitaka kuielewa kazi yake yote, shika jambo hilo moja: alijigeuza kuwa skrini, na skrini hiyo ilikuwa inasogea.

Kesi aliyoshindwa

Mwaka 1892 alianza kuonyesha ngoma hiyo New York. Watu waliiita ngoma ya nyoka kwa jinsi kitambaa kilivyojipinda. Ilipendwa haraka. Ugomvi wa malipo ukatokea, akahama ukumbi aliokuwa anafanyia kazi, na ukumbi ule haukupata shida yoyote. Walimchukua binti mwingine, wakampa sketi na taa, wakaendelea na ngoma ileile kana kwamba ni yao.

Loie alikuwa ameshaandikisha maelezo ya ngoma yake katika ofisi ya hakimiliki, hatua kwa hatua. Akaenda mahakamani kuomba yule mwigaji azuiwe. Mwezi Juni 1892 mahakama ya New York ikamkatalia. Hoja ilikuwa kwamba sheria ililinda michezo ya kuigiza, na mchezo wa kuigiza lazima usimulie kisa fulani au uonyeshe tabia ya mtu. Kitambaa kinachozunguka kwenye mwanga, hata kiwe kizuri namna gani, hakisimulii kisa. Kwa hiyo hakikuwa na ulinzi.

Kesi hiyo bado inatajwa katika masomo ya sheria, kwa sababu ilichukua muda mrefu sana mambo kubadilika. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuja kutaja waziwazi ubunifu wa dansi mwaka 1976, ikaanza kutumika mwaka 1978. Hiyo ni miaka 86 baada ya Loie kutoka mahakamani mikono mitupu.

Paris, na mwigaji aliyemtangulia

Mwaka huohuo alivuka bahari na mama yake. Walipita Ujerumani, ambako mambo hayakuwa mazuri, wakafika Paris mwezi Oktoba wakiwa na pesa kidogo. Alikwenda kwenye ukumbi wa Folies Bergère kuomba kazi. Kwenye bango la mlangoni akakuta ngoma ya nyoka imeshatangazwa. Mwigaji mmoja kutoka ng'ambo alikuwa amemtangulia.

Alikaa akamtazama mwigaji yule akicheza, akaona kwamba amechukua sketi lakini hakuelewa mwanga. Kwa simulizi yake, onyesho lilipokwisha alipanda jukwaani akamwonyesha mkurugenzi ngoma yenyewe, kukiwa na mpiga fidla mmoja tu na taa chache. Mkurugenzi akampa kazi palepale. Tarehe 5 Novemba 1892 alifungua rasmi maonyesho yake, na Paris ikamshika mikononi.

Folies Bergère ulikuwa ukumbi wa starehe za usiku, wenye sarakasi, vichekesho na ulevi. Baada ya Loie kufika, wakaanza kuja wachoraji, washairi na wanasayansi, na ukaanza kuweka maonyesho ya mchana ambayo akina mama wangeweza kuleta watoto.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya Paris iwe tayari kwa kazi yake. Mwezi Mei 1887 ukumbi wa Opéra-Comique wa mji huo ulishika moto uliotokana na taa za gesi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Baada ya msiba huo serikali ilizitaka kumbi ziachane na gesi na kutumia umeme. Kwa hiyo Loie alikuta majukwaa yenye nyaya mpya, na mafundi umeme ambao kazi yao hadi hapo ilikuwa kuwasha na kuzima tu. Yeye aliwapa kazi nyingine.

Alifanyaje hasa?

Hapa ndipo msikilizaji wetu alitaka tufike. Tuangalie kifaa kimoja kimoja.

Kwanza, giza. Zamani zile watazamaji walikaa kwenye ukumbi wenye taa, wakitazamana na kusalimiana huku mchezo unaendelea. Loie alitaka taa zote za ukumbini zizimwe. Jukwaa lilifunikwa kwa vitambaa vyeusi nyuma na pembeni, ili mwanga usiwe na mahali pa kutua isipokuwa kwenye nguo yake. Ukiwasha tochi mchana huoni kitu, ukiiwasha usiku inafika mbali. Hilo ndilo alilolifanya.

Pili, nguo. Ilikuwa ya hariri nyepesi, nyeupe, yenye upana wa kupindukia. Ndani yake alishonea fimbo mbili ndefu zilizopinda kidogo, akazishika mkononi. Fimbo zile ziliurefusha mkono wake, kwa hiyo akizungusha kidogo tu, ncha ya kitambaa inafanya duara kubwa juu ya kichwa. Katika ngoma aliyoiita Yungiyungi, ya mwaka 1895, kitambaa kilipaa juu mno kikawa kama ua lililofunguka, na yeye mwenyewe haonekani, yuko ndani kama shina.

Tatu, taa. Alitumia taa za kaboni. Ukitaka kujua mwanga wake unafananaje, mkumbuke fundi wa kuchomelea mageti. Umeme unaruka kati ya vijiti viwili vya kaboni na kutoa mwanga mweupe mkali kuliko taa yoyote ya gesi. Taa hizo ziliwekwa pembeni, juu, na mbele ya jukwaa, kila moja ikiwa na fundi wake.

Nne, rangi. Mbele ya kila taa kulikuwa na gurudumu lenye madirisha ya gelatini za rangi mbalimbali. Fundi akizungusha gurudumu, nyekundu inaondoka, zambarau inaingia. Taa mbili za rangi tofauti zikikutana kwenye kitambaa kimoja zinazaa rangi ya tatu. Loie alikaa saa nyingi akijaribu rangi, akiweka kumbukumbu, akichanganya mwenyewe gelatini zake.

Tano, picha. Hili ndilo linalomuunganisha moja kwa moja na skrini za matamasha ya leo. Alitumia mashine tunayoweza kuiita babu wa projekta: sanduku lenye taa kali ndani, kipande cha kioo chenye picha, na lenzi mbele. Mwanga unapita kwenye kioo, lenzi inaikuza picha, na picha inatua mbali. Wengine walitumia mashine hiyo kuonyesha picha za Biblia au za safari kwenye ukuta uliotulia. Loie alimwaga rangi na gelatini juu ya vioo vyake ili kupata michirizi na mawingu, akatumia pia picha za mwezi na nyota, akazirusha juu ya hariri inayotembea. Wingu lililochorwa kwenye kioo limekaa tu. Likitua kwenye kitambaa kinachopanda na kushuka, linapeperuka. Picha iliyosimama ikapata uhai, na wakati huo sinema ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani Paris.

Sita, sakafu. Kwa Ngoma ya Moto, ya katikati ya miaka ya 1890, alikata sakafu ya jukwaa akaweka kioo kinene, na chini yake fundi akasimama na taa nyekundu. Loie akisimama juu ya kioo kile, mwanga unaanza kwenye pindo la nguo na kupanda. Watazamaji waliona mwanamke akiungua kuanzia miguuni, ndimi za moto zikizunguka kiuno, mabega, kisha kichwa, huku muziki mzito wa Wagner ukipigwa. Hakukuwa na cheche hata moja.

Saba, vioo. Alisimamisha vioo virefu kwa kuvipinda pembe kwa pembe, taa zikiwa zimefichwa kwenye maungio. Mchezaji mmoja akawa kundi zima.

Na nane, watu. Haya yote yalihitaji kikosi cha mafundi wanaokwenda pamoja kama wapiga ngoma. Wengine walikuwa juu kwenye ngazi, wengine chini ya sakafu, na hawakuonana. Loie aliwapa ishara akiwa katikati ya kucheza, kwa kugonga kisigino au kwa mkao fulani wa mwili. Fundi mmoja akichelewa kidogo tu, moto unageuka kuwa maji.

Hataza, njia ya pili ya kujilinda

Baada ya kushindwa kwenye hakimiliki, Loie alitafuta mlango mwingine. Kama sheria haiwezi kulinda ngoma, basi ilinde vifaa. Akaandikisha hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze kifaa chake bila ruhusa. Marekani ilimpa hataza tatu katika miaka ya 1894 na 1895: ya nguo yenye fimbo, ya vioo na taa zake, na ya jukwaa lenye kioo kinachomulikwa kutoka chini. Aliandikisha Ufaransa pia.

Haikutosha. Waigaji walizidi, Ulaya na Marekani. Na hapa kuna jambo linalokuhusu wewe mwenye simu. Ukitafuta video ya ngoma ya nyoka kwenye intaneti, utapata filamu fupi za miaka ya 1890, nyingine zimepakwa rangi kwa mkono, na mara nyingi zimeandikwa jina la Loie Fuller. Wengi wa wanaoonekana mle si yeye. Ni waigaji wake. Hakuna filamu iliyothibitishwa bila shaka kwamba inamwonyesha yeye akicheza ngoma hiyo. Kamera ilikuja wakati yeye yuko kwenye kilele, na ikaweka kumbukumbu ya waliomwiga.

Alipowaandikia wanasayansi

Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre, wanasayansi waliokuwa Paris, walitangaza kugundua radiamu. Magazeti yaliandika kwamba kitu hicho hutoa mwanga chenyewe gizani. Loie akawaza nguo yenye mabawa ya kipepeo yanayong'aa bila taa yoyote. Akawaandikia barua kuuliza kama inawezekana.

Akina Curie walimjibu kwa heshima wakamweleza kwa nini haiwezekani. Naye, kwa kuwashukuru, aliomba kwenda kucheza nyumbani kwao. Mafundi wake walifika mapema na mizigo ya taa, wakashinda hapo wakifunga nyaya, na jioni chumba kidogo cha kulia chakula kikageuka jukwaa. Urafiki ulianzia hapo ukadumu. Loie ndiye aliyewakutanisha akina Curie na mchongaji maarufu Auguste Rodin.

Leo tunajua radiamu ni hatari. Marie Curie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi miaka yote. Laiti Loie angeipata kwa wingi na kuipaka kwenye nguo za kila usiku, huenda hadithi yake ingekuwa fupi.

Lakini hakuacha. Alianzisha maabara yake mwenyewe akitafuta chumvi nyingine zinazong'aa gizani baada ya kupigwa na mwanga. Siku moja mchanganyiko ulilipuka ukamuunguza nyusi na kope. Mwaka 1904 alionyesha ngoma aliyoiita ya Radiamu, ambayo haikuwa na radiamu. Ilikuwa nguo yenye matone ya chumvi zile, yakielea kwenye giza. Mwanaastronomia Camille Flammarion alikuwa rafiki yake, na Loie alipokewa kuwa mwanachama wa Chama cha Astronomia cha Ufaransa. Si jambo dogo kwa mtu aliyeanzia kwenye vikundi vya kuzunguka mijini.

Ukumbi wake mwenyewe

Mwaka 1900 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, yaliyopokea watembeleaji wanaokadiriwa kufikia milioni 50. Umeme ulikuwa mgeni wa heshima. Loie alijengewa ukumbi wake ndani ya viwanja hivyo, ukibuniwa na msanifu Henri Sauvage, na ukuta wa mbele ulifinyangwa kama kitambaa kilichokunjamana.

Jukwaa hilo alilishirikisha. Aliwaleta wasanii wa Japani, kikundi cha Kawakami Otojiro na mkewe Sada Yacco, ambaye uigizaji wake uliwashangaza watu wengi wa Ulaya. Mwaka 1902 alimchukua katika ziara yake kijana Isadora Duncan, ambaye baadaye akawa mchezaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Isadora alimwacha njiani akaenda zake. Loie aliumia, lakini hakuacha kuwasaidia chipukizi. Kuanzia 1908 alikuwa na kundi lake la wasichana aliowafundisha.

Gharama yake

Tusiseme sifa tu. Kazi hii ilimla. Kuzungusha mita nyingi za hariri kwa fimbo ni kazi ya mabega na mgongo, kama kutwanga bila kupumzika, na alitoka jukwaani hoi. Zile taa za kaboni zilimpiga machoni usiku baada ya usiku kwa miaka mingi. Fundi wa kuchomelea anavaa miwani. Mchezaji hawezi. Macho yalimsumbua hadi uzeeni.

Pesa pia hazikukaa. Alilipwa vizuri, lakini mafundi, hariri, vioo na maabara vilikula kila kitu, na madeni yalimfuata maisha yote. Si kila kitu alichofanya kilipendwa. Mwaka 1895 alitengeneza mchezo mzima wa Salome, akiwa na hadithi na wahusika, pengine kuonyesha kwamba anaweza kusimulia kisa. Ulianguka. Watazamaji waliona mwanamke wa kawaida anayeigiza, wakati walikuwa wamezoea kumwona akitoweka ndani ya mwanga.

Vivuli na filamu

Umri ulipomzuia kucheza kama zamani, hakustaafu. Mwaka 1922 alionyesha ngoma ya vivuli vikubwa. Mbinu yenyewe kila aliyekulia kwenye nyumba ya kibatari anaijua: ukisogeza mkono karibu na kibatari, kivuli ukutani kinakuwa jitu. Ukiurudisha nyuma kinapungua. Yeye aliweka taa nyuma ya pazia kubwa jeupe, wachezaji kati ya taa na pazia, na watazamaji wakaona mikono mikubwa kama nyumba ikishuka kuwakamata wachezaji wadogo.

Kabla ya hapo, akiwa na mwenzake wa maisha na kazi Gab Sorère, alikuwa ametengeneza filamu ya hadithi iliyoandikwa na Malkia Marie wa Romania. Mle ndani walipunguza kasi ya picha, na mahali pengine wakatumia picha iliyogeuzwa, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, ili sehemu za ndoto zionekane si za dunia hii. Leo mambo hayo yanafanywa kwa programu ya simu. Wakati ule yalifanywa kwa mkono.

Mwisho wake, na alichoacha

Loie Fuller alifariki Paris tarehe 1 Januari 1928 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 65, wiki mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Majivu yake yamehifadhiwa katika makaburi ya Père Lachaise. Huko Marekani yapo majumba ya makumbusho aliyosaidia kuyaanzisha, mojawapo likiwa Maryhill katika jimbo la Washington. Wachoraji kama Toulouse-Lautrec walimchora, na mchongaji Raoul Larche alitengeneza taa za mezani za shaba zenye umbo lake, balbu ikifichwa ndani ya kitambaa kinachopaa.

Majukwaani ameacha mazoea ambayo hatuyaulizi tena: kuzima taa za ukumbi, kumulika kutoka pembeni na chini, kubadilisha rangi kufuata muziki, kurusha picha juu ya kitu kinachosogea. Kijana anayekaa na kompyuta nyuma ya jukwaa, akibonyeza ili moto utokee pale kiitikio kinapoanza, anafanya kazi ambayo Loie aliifanya kwa kisigino.

Na swali lake la mahakamani bado liko nasi. Vikundi vya ngoma vinavyotusikiliza vinalijua vizuri: mnabuni mtindo, mnauchezea kwenye sherehe moja, kesho umeshazunguka kwenye simu na anayesifiwa ni mwingine. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za jukwaani, ubunifu wa dansi ukiwamo. Ni ulinzi ambao Loie hakuupata. Lakini sheria inahitaji ushahidi. Yeye aliandika ngoma yake hatua kwa hatua, akaweka tarehe, akachora vifaa vyake. Alishindwa kesi, ila maandishi yale ndiyo yanayotuwezesha leo kusema bila kubabaika kwamba kazi ilikuwa yake.

Kwa hiyo kikundi chako kikibuni jambo, rekodini mazoezi mkiwa bado nyumbani, andikeni majina ya waliobuni na tarehe, na mhifadhi kabla hamjaenda uwanjani. Simu unayosomea makala hii inatosha kwa kazi hiyo.